Kitabu cha kliniki kimeingia maji. Sindano za pepopunda naanza upya?

MamaRayyan, Mtopanga

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa mama aliyepitia haya, au mtu wa kazi hiyo.

Nina mimba ya wiki 19, ya pili. Ya kwanza nilijifungua Likoni mwaka 2019, na kliniki ya huko nilidungwa sindano mbili za pepopunda, ya pili mwezi baada ya ya kwanza. Ya tatu niliambiwa nirudi baada ya miezi sita. Sikurudi. Tulikuwa tushahamia Mtopanga, mtoto mchanga, na mimi alfajiri niko kwenye karai nachoma mahamri mpaka saa tatu. Nipande matatu mpaka feri, nivuke, nitembee, nipange foleni, kwa sindano ya mkono wangu mwenyewe? Niliona yaweza kungoja.

Sasa mvua ya masika ilipita kwenye mabati, na kitabu cha kliniki kilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Wino umeyeyuka. Kurasa za Rayyan zasomeka kidogo, hata uzito wake wa wiki ya kumi nauona, kilo 5.4. Ukurasa wangu ni buluu tupu. Rayyan ana kovu lake la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, mkono wa kushoto, kitabu kikipotea bado atajulikana alidungwa. Mimi sina alama hata moja.

Naanza tena ya kwanza? Nikidungwa zaidi ya inavyotakiwa, mtoto tumboni hataumia?

Na kuna jingine, ndilo linaloninyima usingizi. Khala yangu asema sindano hii ilikuwa na maneno 2014, kwamba yafunga kizazi, na ndiyo sababu nimekaa miaka yote hii baada ya Rayyan bila kushika mimba. Mimba hii nimeiomba sana. Sitaki kuifanyia jambo nikaja kujuta.

BintiWaFeri

Dada, kwanza rudi hapohapo Likoni kabla hujadungwa popote. Kliniki huwa na daftari lao kubwa, si kitabu chako tu. Mimi changu nilikisahau kwenye matatu, nikaenda na mwezi na mwaka niliodungwa, wakapekua wakaniona. Walininakilia kwenye kitabu kipya na muhuri wakapiga. Nenda mapema na uwe na subira, yule sista alifungua madaftari matatu ndipo akanipata.

Sista Mstaafu, Kisauni

Wa alaykum salaam, mwanangu MamaRayyan. Mimi nimefanya kazi ya unesi miaka 31, mingi yake kliniki ya mama na mtoto. Nitakujibu kama ningekujibu umekaa mbele yangu.

Hesabu ya pepopunda haifutiki kwa kuchelewa. Ulidungwa mbili, mbili zako unazo. Ile ya tatu masharti yake ni isipungue miezi sita baada ya ya pili, lakini ikipita miaka haikuharibikii kitu. Yadungwa sasa na yahesabiwa ya tatu. Zile mbili zilikukinga kama miaka mitatu, nayo imekwisha. Ya tatu yakupa mitano. Ya nne, mwaka mmoja baadaye, yakupa kumi. Ya tano, mwaka mwingine tena, yakutosha umri wako wote wa kuzaa. Kwa hiyo ni tano kwa jumla, si mbili za kila mimba kama wengi wanavyodhani, na wengi huishia mbili kama wewe.

Tabu yako ni ushahidi. Fanya alivyosema BintiWaFeri. Daftari lisipopatikana, nesi atakuhesabu kama hujawahi, utadungwa mbili zikipishana wiki nne, na ya pili iwe imeingia angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Zile wiki mbili ni za mwili wako kutengeneza kinga na kumvushia mtoto. Wiki 19, nafasi unayo. Na ukidungwa moja ya ziada, utaumwa na mkono siku moja au mbili, basi. Ndani yake hamna mdudu aliye hai, ni sumu ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa ukali. Ukiona wameandika Td usishtuke, ni ileile pamoja na kinga ya dondakoo. Chanjo tusiyompa mwenye mimba ni ile ya surua na rubela, hiyo ina kirusi hai, angoja ajifungue.

Nataka nikueleze kwa nini nang'ang'ania. Mwaka 1993, bado mgeni kazini, tuliletewa mtoto wa siku saba. Alizaliwa nyumbani, mzima, akanyonya siku tano. Ya sita mdomo ukakaza, titi halishiki. Kitovu kilikatwa kwa wembe uliokuwamo nyumbani na kikapakwa jivu. Wadudu wa pepopunda wamo mchangani, wamo kwenye samadi, na kitovu kibichi ni mlango ulio wazi. Ukivuta pazia, mwanga ukimpiga, mwili wote wapinda kama upinde. Tukafunga mapazia tukawa twanong'ona. Mamake, mtoto wa miaka kumi na tisa, ilibidi akae nje ya mlango kwa sababu hata akimgusa yule mtoto alikakamaa. Siku ya tatu alifariki. Nilipomuuliza yule mama alidungwa ngapi, alisema hajawahi hata moja, hakuna aliyemwambia.

Sijamsahau. Kila mkono niliodunga baada ya hapo nilikuwa namkumbuka yeye.

Kuhusu khala yako, usigombane naye. Mtu kuuliza kinachoingia mwilini si kosa. Kweli 2014 maaskofu wa Kikatoliki walitilia shaka kampeni ya pepopunda ya wanawake wa miaka 14 hadi 49, na Wizara ya Afya, WHO na UNICEF wakajibu kwamba chanjo ni salama. Mimi nakupa niliyoyaona: mkono niliodunga mimba ya kwanza, nimeudunga mimba ya pili, na ya nne pia. Niambie wewe, baada ya Rayyan ulitumia mpango gani wa uzazi?

BabaMapacha, Changamwe

Shemeji, mume wako yuko wapi kwenye haya? Nauliza kwa heshima. Mimi mke wangu akienda kliniki naenda naye, nakaa kwenye benchi na wamama, sioni aibu. Ndipo nilipojua vile vidonge vitatu vya kumkinga mwenye mimba na malaria humezwa palepale mbele ya nesi, havibebwi nyumbani, na kwamba huku Pwani hutolewa kuanzia wiki ya 13, kisha kila wiki nne mpaka karibu na kuzaa.

La pili, jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, sasa, usingoje uchungu. Linda Mama tuliyoizoea, ya kujifungua bure, iliondoka na NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, na sisi tunaojiajiri mchango wahesabiwa wa mwaka mzima.

Mapacha wangu ni wasichana, na walipofika miaka 10 walidungwa ile ya HPV, ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Ilizinduliwa hapahapa Mombasa, Oktoba 2019. Nayo ilisemwa maneno yaleyale ya kufunga kizazi. Niliuliza, nikajibiwa, nikatia sahihi.

MamaRayyan, Mtopanga

Shikamoo Sista. Nimesoma ya yule mtoto nikaacha mahamri yakaungua.

Baada ya Rayyan nilitumia sindano ya miezi mitatu, karibu miaka mitatu. Nilipoacha, mume wangu alikuwa amepata kazi ya meli, yuko nyumbani wiki chache kwa mwaka. Shemeji wa Changamwe, ndiyo jibu lako, yuko baharini, lakini hunipigia kila akifika bandari.

Sista, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Sababu ya kutorudi haikuwa feri peke yake. Rayyan alipotimiza wiki sita nilimpeleka. Walimpima uzito, wakamdunga, wakaandika, wakafunga kitabu, wakaita mwingine. Mimi wakati huo mkojo ulikuwa wanitoka nikikohoa, na usiku nalia bila sababu. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nikaona haya kuanza. Nikajiambia kumbe kitabu hiki ni cha mtoto.

Sista Mstaafu, Kisauni

Marahaba mwanangu. Kwanza khala: ile sindano ya miezi mitatu, baada ya kuiacha kizazi chaweza kuchukua hata mwaka kurudi. Hilo lajulikana, na hupita, kama lilivyopita kwako. Na mume akiwa baharini miezi yote hiyo, wahesabu nini? Pengine kwa khala zote mbili ni "sindano ya kliniki", zikachanganyika. Mweleze hivyo, kwa upole.

La pili limeniuma. Nimekaa upande wa pili wa ile meza, najua foleni ya watoto hamsini inavyokufanya usitazame uso wa mama. Siwatetei waliokupita. Mama alikuwa aulizwe.

Kwa hiyo safari hii nenda ukijua haki yako. Mzazi huangaliwa ndani ya siku mbili za kuzaa, tena wiki ya kwanza au ya pili, tena wiki ya sita. Sisi watu wa Pwani tuna arobaini yetu, na naipenda: mzazi akandwe, anywe uji wa pilipili manga, apumzike. Lakini homa, damu nyingi, uchafu unaonuka au kichwa kinachopasua hakingoji arobaini itoke. Hayo ni siku hiyohiyo, hata usiku.

Na tazama, arobaini ikitoka, siku mbili mbele ndiyo wiki sita. Mtoto anapodungwa, wewe keti kwenye kiti kabla hujaitwa "mwingine" useme: na mimi naomba nipimwe. Presha, damu, tumbo, maziwa, mkojo unaotoka, na kilio cha usiku. Mkojo una mazoezi yake na kilio kina tiba yake, si udhaifu wa imani wala uvivu. Kama umefika miaka 25, omba pia kupimwa mlango wa kizazi. Ni dakika chache.

Hapo kwako bado watoka mkojo?

MamaRayyan, Mtopanga

Nikibeba ndoo, ndiyo. Nitasema.

MamaRayyan, Mtopanga (siku tisa baadaye)

Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Nilivuka Jumanne. Daftari la 2019 lilipatikana, jina langu liko, sindano mbili, tarehe mbili. Nililia hapo dirishani, sijui hata kwa nini, kwa jina tu kuonekana.

Nimedungwa ya tatu, mkono umeuma mpaka Jumatano jioni. Nimemezeshwa vile vidonge vitatu, nimepewa vya kuongeza damu, na nimesema habari ya mkojo. Sista alikuwa kijana, aliweka kalamu chini akanisikiliza, akanionyesha namna ya kubana na kuachia, mara tatu kwa siku.

Kitabu kipya nimekitia ndani ya mfuko wa nailoni, kiko juu ya kabati. Ukurasa wangu nimeupiga picha nikamtumia mume wangu, na khala pia. Ya nne ni mwaka kutoka sasa, mtoto atakuwa na miezi saba hivi. Nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango, hapo ninapoandika madeni ya unga.