Soseji bei poa kuliko nyama: nazitambuaje zilizochakachuliwa?

MamaChipsi: Wakuu, habari za jioni. Nauza chipsi Tabata, huu mwaka wa nne. Mwezi uliopita nimepata kijana wa bodaboda mwenye deli la barafu, soseji "za ng'ombe" kilo 6,500, wakati buchani nyama yenyewe nachukua 11,000. Nikashangilia. Sasa nikizitia kwenye mafuta zinatoa maji, mafuta yananirukia usoni, na zikipoa zinavunjika kama mkate. Mfuko hauna jina wala tarehe. Juzi mwanangu mwenye pumu alikula mbili, usiku kifua kikambana. Huenda ni vumbi tu. Kuna namna ya kuzipima hapahapa jikoni?

Kibuyu: Jibu umeshajipa. Nyama isagwe, iungwe, ifungwe, halafu iuzwe chini ya bei ya nyama? Mpe pole mtoto.

MzeeWaKinu: Dada, nimekaa kiwanda cha nyama miaka sita, upande wa kuchanganya. Soya, wanga na barafu vinaingia kwenye soseji nyingi kihalali. Barafu ni lazima, bila hiyo mashine inaipasha nyama moto na mafuta yanajitenga. Uchakachuaji unaanza pale lebo inapodanganya au isipokuwepo.

Nunua aidini ya vidonda duka la dawa. Dondoshea soseji iliyokatwa, kiazi chako, na nyama ya buchani. Kiazi kitageuka bluu hadi nyeusi. Soseji ikifuata kiazi, ina wanga. Vipande ulivyopima tupa, usimpe hata paka. Ila isipobadilika usishangilie: soya haina wanga wa maana, na salfaiti, kemikali ya kuhifadhi chakula, ikizidi inaifuta rangi ya aidini.

Hiyo salfaiti ndiyo ningeihofia kwa mwenye pumu, inaweza kumbana kifua. Inairudishia nyama iliyochoka wekundu na kuificha harufu. Kenya 2019 runinga ilianika habari za nyama ya supamaketi kutiwa sodiamu metabisalfaiti, watu wakaingiwa hofu.

Abuu_Swalha: Na sisi tusiokula kitimoto tutajuaje?

MzeeWaKinu: Kwa ulimi, hujui. Januari 2013 Ireland walitangaza burger ya "ng'ombe" ambayo asilimia 29 ya nyama yake ilikuwa farasi. Walaji hawakustuka, DNA ndiyo iliyosema. Hicho ni kipimo cha maabara, ndugu yangu.

MamaChipsi: Nimerudi. Nyama ya buchani kahawia tu, kiazi cheusi, soseji nyeusi kama mkaa! Nimempigia kijana, ananiambia "mama, hivyo ni viungo". Nina kilo tatu kwenye friza. Nimwage?

MzeeWaKinu: Mwaga. Wanga wenyewe si sumu, lakini mzigo usio na jina hata ukiua hautafuatiliwa. Afrika Kusini 2017 na 2018 bakteria aitwaye listeria aliua watu zaidi ya 200. Walipima polony, ile soseji nene ya kukata vipande, wakafika hadi mlangoni mwa kiwanda, bidhaa zikaondolewa madukani. Na bakteria huyo anazaliana hata ndani ya friji. Zako utazirudisha kwa nani? Bakiza pakiti moja isiyofunguliwa uwapelekee TBS, Shirika la Viwango, na namba ya huyo kijana.

MamaChipsi: Namba tangu saa tisa haipatikani.