Arobaini ya shangazi Dar, wengi wetu tukiwa nje

Tunaandaa hitma ya arobaini ya shangazi yetu, na wengi wetu tuko nje ya nchi. Tujipange vipi? Haya ni majibu ya ndugu walioko miji mitatu.

Leicester:
Assalaam alaykum ndugu, poleni na msiba. Kwenye hitma ya shangazi, pilau ndiyo sehemu nyepesi. Ngumu ni zile kazi alizozibeba bila mtu kuziandika: kupokea posa, kushika daftari la michango, kujua nani kamzaa nani, kuwapatanisha waliosusiana. Zigaweni siku hiyohiyo watu wakiwa wamekaa, kila kazi na jina la mtu. Mkiishia "tutasaidiana", mzigo wote unamwangukia aliyebaki Dar.

Juzuu 30 za Qur'ani zigaweni wiki moja kabla, na muwe na wasomaji wawili wa akiba, maana wapo wanaochukua na kuishia njiani. Dua ikiwa saa kumi alasiri Dar, kiangazi Uingereza ni saa nane mchana, Toronto saa tatu asubuhi. Kipindi cha baridi ondoeni saa moja kote kuwili.

Ilala:
Pilau nyepesi? Asemaye hivyo hajasimamia sufuria la shughuli! Kwa watu mia hesabuni mchele kilo 10 hadi 12, nyama 6 au 7, viazi 5, vitunguu maji 2, thumu na tangawizi robo robo. Rangi inatoka kwenye kitunguu. Kisipokaangwa hadi kahawia, pilau linatoka jeupe hata ujaze binzari nyembamba. Kosa la pili ni maji. Supu ipite mchele kidogo tu, na mchele mpya hunywa maji machache kuliko wa zamani, kwa hiyo muulizeni muuzaji. Ikikauka, punguza moto wa chini, palia mkaa juu ya mfuniko. Moto ukibaki chini peke yake, chini kunaungua na juu kuna kiini.

Na hela za mchango zipokelewe na mtu mmoja, zifike kabla ya siku ya kwenda sokoni. Za kuja jioni ya shughuli hazinunui nyama.

Toronto:
Nyongeza kuhusu simu ya marehemu. Msiifute wala kumpa mtoto. WhatsApp isipotumika kwa siku 120 akaunti huweza kufutwa, kwa hiyo sauti zake, hasa zile za kuelekeza mapishi na kueleza ukoo, zihamishwe mapema na kila faili lipewe jina na tarehe. Faili lisilo na jina hakuna atakayelisikiliza tena.

Kama pesa za mchango wa ukoo zilikuwa kwenye laini yake ya simu, asitokee mtu wa kutoa kwa namba ya siri anayoijua, hata kwa nia njema. Warithi watauliza. Chukueni cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, andikeni muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi wa mirathi, mwende nao mahakama ya mwanzo. Daftari lake lihifadhiwe lilivyo, bila kuongezwa mstari, maana ndilo litakaloonyesha ipi ilikuwa yake na ipi ya ukoo.