Naomba ushauri: faranga nizigeuze dola ao ninunue stoki?

Jambo bandugu na badada. Niko na kabutiki hapa Goma, Birere, nauzaka unga, mafuta na sabuni. Tangu waasi ba M23 bachukue mji mwezi wa 1 mwaka 2025 na mabanki ikafunga, habari yoyote ya siasa inapandisha bei mbele hata bintu ipunguke. Bakisema mazungumzo ya Doha, ya serikali ya Congo na M23, imekwama, asubuhi depo imeshaongeza, juu kila mutu anawaza kesho itakuwa mbaya, basi ananunua leo, na kweli inapanda! Bakisema amani, bei haishuke, hapo ndiyo nakasirikaka. Sasa faranga nizigeuze dola, ao ninunue unga mingi (inaharibikaka)? Na madeni ya bakliya (bateja) niyaandike faranga ao dola? Benye butiki Bukavu munafanyaka aje?