Naomba ushauri: kikundi cha hisa kimeingiwa na shaka, tugawane au tuendelee?

Habari za majukumu wakuu. Sisi ni wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanachama 24: tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana kutoka mfuko huo, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mtu mwisho hisa tano kwa wiki. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasioishi nyumba moja, na anayetunza sanduku hana ufunguo.

Shida ilianza mkopo ulipotolewa katikati ya wiki, nje ya kikao. Pesa ilirudi yote na riba yake, ila imani haikurudi. Wengi sasa wananunua hisa moja tu, hivyo mfuko wa mikopo unakauka wakati wa giza (usiku usio na mbalamwezi), ndipo dagaa wanapovuliwa na kila mtu anataka mtaji.

Tumebadilisha kufuli, wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, na wote wanatamka salio kabla ya kufunga. Kwenye kikao watu wako kimya. Manung'uniko yapo kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. (Hilo ndilo linalonitisha zaidi.)

Naomba kujua: mkivunja mzunguko kabla ya Desemba, wenye mikopo ambayo haijaiva mnawakata kwenye hisa zao au mnawasubiri? Na walioweka fedha benki kwa sahihi tatu, mwanachama asiye na simu janja anathibitishaje salio?