Tupeane uzoefu: yaliyokupata ulipofungua darasa la dansi Nairobi

Hatua_Nane
Hamjambo nyote. Leo mchana nimepita Barabara ya Jogoo nikaona bango la darasa la dansi likiteremshwa kutoka ghorofani, na mwenye darasa, kijana nisiyemfahamu, amesimama chini akipokea vioo kimoja kimoja. Nimeumia sana, kwa sababu wengi wetu tumewahi kuteremsha vioo vyetu namna ile ile. Jiji hili halina uhaba wa watu wanaojua kucheza. Tunao watoto wanaolelewa katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, tunao wachezaji wa Bomas, kituo cha ngoma za asili, na tunao vijana wa mitaani wanaobuni mtindo mpya kabla ule wa jana haujapoa. Kinachotuangusha si miguu. Ni chumba, kodi na kalenda. Naomba kila aliyewahi kufungua darasa aeleze yaliyompata miezi ya mwanzo, ili anayejiandaa sasa aingie akiwa na macho.

Isukuti_Damu
Kalenda, ndugu yangu. Hapo umesema kweli tupu.

Rumba_Buruburu
Nikubaliane na aliyetangulia, kisha nieleze kwa nini. Mimi nilifungua mwezi wa Oktoba, na kufikia Desemba chumba kilikuwa kinafurika. Kulikuwa na wasimamizi wa harusi waliotaka kuingia ukumbini kwa hatua zinazofanana, maharusi waliotaka rumba ya kufungulia sherehe, na watoto waliofunga shule ambao wazazi wao waliwatafutia mahali pa kushinda. Nikaona biashara imeshika, nikatia saini chumba kikubwa zaidi barabara hiyo hiyo. Januari ilipofika, kila mzazi alikuwa anahesabu karo na sare, harusi zilikuwa zimekwisha, na watoto wamerudi darasani. Nilibaki na wanafunzi wachache waaminifu katika ukumbi ambao kodi yake ilikuwa imepangwa kwa kipimo cha Desemba.

Kwa hiyo kwangu mwaka wa dansi Nairobi una miezi ya kuvuna, yaani Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na miezi ya kula akiba. Mapato ya harusi sasa huwa sichanganyi na ada za kila mwezi hata katika daftari. Kodi hulipwa na wanafunzi wa kudumu peke yao, na wakipungua kiasi cha kutoweza kuilipa, huwa najua chumba hicho kimenizidi hata kama harusi zimejaa.

Mzazi_Kasarani
Mimi si mwalimu, ni mzazi, lakini naomba niseme kwa niaba ya watoto. Darasa la kwanza nililompeleka binti yangu lilikuwa na vigae vinavyong'aa juu ya saruji, na walimu walijivunia sana sakafu ile kwa sababu ilipendeza kwenye picha. Baada ya wiki kadhaa mtoto alianza kulia usiku akishika ugoko, na daktari alituuliza swali moja tu, kwamba anaruka juu ya nini. Tulimwondoa, na wazazi wengine wawili wakatufuata. Mwalimu aliamini tumevutwa na darasa la bei nafuu, akapunguza ada, jambo ambalo halikumrudishia mtu yeyote. Tafadhali waulizeni wazazi kwa nini wanaondoka kabla hamjagusa bei.

Fundi_wa_Jukwaa
Asante, mama, umegusa jambo ambalo walimu wengi hawalisemi. Sakafu ngumu hula miili ya wachezaji, na hula ya mwalimu kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayeruka kila kipindi. Ninayoitumia ni plaiwudi ya futi 8 kwa 4 iliyokazwa kwa skrubu juu ya papi za mbao, na chini ya papi ninaweka vipande vinene vya raba ili sakafu iwe na uhai inapokanyagwa. Msitumie misumari. Siku mtakayohama, na mtahama, sakafu ya skrubu hufunguliwa na kupakiwa kwenye pikapu, ilhali ya misumari humwachia mwenye nyumba zawadi.

MamaNgoma_Umoja
Nilikuwa nasoma tu, ila vioo vile vya Barabara ya Jogoo vimenirudisha mbali.

Nilikodi chumba cha ghorofa ya tatu, kwa kuwa kodi ya juu ni nafuu kuliko ya chini na madirisha yalipitisha hewa pande mbili. Chini yetu alikuwa fundi cherehani, na chini yake duka la dawa. Spika nilizinunua Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme katikati ya jiji, na tangu mwanzo nilikuwa mwangalifu wa sauti. Hata hivyo malalamiko yalianza mapema, nami kila nilipoambiwa nilipunguza muziki, mpaka wanafunzi wa nyuma wakawa wanahesabu kwa kuangalia midomo yangu, na malalamiko yasipungue. Hatimaye yule fundi aliniita chumbani kwake wakati msaidizi wangu anafundisha juu. Nikasimama pale nikitazama taa ya dari ikiyumba na sindano ikiruka kando ya mshono. Muziki haukusikika hata kidogo. Kilichosikika ni miguu ya darasa zima ikitua pamoja. Ndipo nilipoelewa kwamba kelele ya dansi haitoki kwenye spika peke yake, na kwamba kitasa cha sauti hakiwezi kupunguza uzito wa watu.

Wakati huo tulikuwa tumepokea kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: kuwafundisha wasimamizi wa harusi isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho, kwa kuwa bibi harusi alikuwa wa Idakho na babu yake alitaka kuona ngoma ya kwao ikichezwa sawasawa. Hii si ngoma ya kubahatisha. UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa haraka. Mzee mmoja alituazima ngoma zake tatu, akanikabidhi mwenyewe mkononi na kuniambia zimepita kwa baba yake. Sketi za wachezaji, njuga, ngoma na spika zilikuwa zote mle chumbani.

Ijumaa jioni, harusi ikiwa kesho yake, nilifika na wachezaji kwa mazoezi ya mwisho nikakuta kufuli ngeni mlangoni. Kodi nilikuwa nimelipa, na ujumbe wa M-Pesa ninao hadi leo. Simu ya mwenye nyumba ilikuwa imezimwa. Msimamizi wa jengo alisema ameagizwa kufunga na hakuagizwa kingine. Shangazi wa bibi harusi akafika kuchukua sketi, akanikuta nimeketi kwenye ngazi, wachezaji wameninyamazia, na mzee mwenye ngoma ananipigia kuuliza kama zimehifadhiwa mahali pakavu.

Naombeni niishie hapo kwa sasa, wanafunzi wangu wa jioni wamefika.

Isukuti_Damu
Dada, huwezi kutuachia kwenye ngazi namna hiyo.

Mkwaju
Mwenye nyumba ana haki ya kulinda wapangaji wake wengine. Jengo la watu wa biashara tulivu halifai ngoma. Ushauri wangu ni mfupi: ukifungiwa, toa kilicho chako kwa upole, hama, usianze vita ambavyo vitakula mtaji wote.

Sheria_na_Jamii
Ndugu Mkwaju, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na ushauri huo umewagharimu watu wengi amana zao. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Sehemu za Chakula, Sura ya 301, inalinda pia majengo yanayotumiwa kutoa huduma kwa malipo, na darasa la dansi ni huduma. Kama upangaji wenu haukuandikwa, mwenye nyumba hawezi kuuvunja kwa kufuli. Anatakiwa kutoa notisi ya maandishi kwa mfumo uliowekwa, ya muda usiopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza linaloamua migogoro ya kodi za majengo ya biashara. Hata anayedaiwa kodi hafungiwi mlango kiholela. Kuna sheria ya kukamata mali kwa kodi, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni.

Mkwaju
Baraza halikai Ijumaa usiku, bwana. Harusi ni Jumamosi.

Sheria_na_Jamii
Ndiyo maana nasema mtu aandikishe tukio kituo cha polisi usiku ule ule, apige picha ya kufuli, na atume ujumbe wa maandishi kwa mwenye nyumba akiorodhesha vitu vilivyomo ndani. Ushahidi wa usiku huo ndio utakaozungumza Jumatatu.

Mkwaju
Na Jumamosi wacheze nini, picha ya kufuli?

Rumba_Buruburu
Nyote wawili mna sehemu ya ukweli, kwa hiyo tusigombane. Mimi ningeongeza kwamba mwenye nyumba aalikwe darasani tangu wiki ya kwanza na afundishwe rumba pamoja na mkewe. Ni vigumu kumfungia mlango mtu aliyekushika mkono ukajifunza kugeuka.

Sheria_na_Jamii
Wazo hilo ni zuri, ila lisichukue nafasi ya mkataba. Jambo la kelele nalo lisiachwe. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitikisiko zinaweka kiwango cha nje katika makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa mbili. Madarasa mengi ya watu wazima huanza saa moja, baada ya kazi, kwa hiyo nusu ya kipindi huangukia upande mkali zaidi wa kanuni. Zoezi la kurukaruka liwekwe mwanzoni, na nusu ya mwisho iwe ya hatua za chini.

Kafyu_2020
Habari ya saa imenikumbusha yangu. Nilifungua Februari 2020 karibu na Ngara. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, na kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo huo. Nilihamishia darasa kwenye simu za video, na jambo lililotaka kuniua moyo ni kwamba sauti humfikia kila mtu kwa kuchelewa tofauti, hivyo nikipiga makofi ya moja, mwingine yuko kwenye mbili. Tulipona siku tulipokubaliana kwamba kila mwanafunzi apige muziki kwake na mimi nihesabu kwa mikono tu. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa Kisumu na Mombasa, na mpaka sasa bado wananilipa.

Dada_wa_Chakacha
Kila mtu anazungumzia wenye nyumba, na hakuna aliyewataja walimu wenzetu. Mimi niliajiri mwalimu kijana, hodari kweli, nikamfanya msimamizi wa kundi la WhatsApp la wanafunzi kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kujibu. Jumatatu moja wanafunzi hawakuja. Alikuwa amewaandikia kwamba darasa limehamia mtaa wa pili, kwake. Namba zote zilikuwa kwenye simu yake. Kwangu nilikuwa na majina ya kwanza tu.

Hatua_Nane
Wanafunzi humfuata mwalimu, dada. Kijana huyo hakukuibia watu, walichagua.

Dada_wa_Chakacha
Walichagua nini, ikiwa waliambiwa kwamba mimi ndiye niliyehama? Uongo si chaguo. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu baadhi yao walirudi baada ya muda wakishangaa kunikuta palepale.

Hatua_Nane
Hilo sikuwa nimelielewa. Niwie radhi.

Sheria_na_Jamii
Mnaweza kuandikiana kwamba mwalimu asifungue darasa jirani kwa muda fulani, na makubaliano hayo hayabatiliki kwa kuzuia kazi peke yake. Lakini chini ya Sura ya 24, sheria ya mikataba inayozuia biashara, Mahakama Kuu inaweza kuyafuta ikiona hayana kadiri, kwa hiyo eneo liwe dogo na muda uwe mfupi. Daftari la majina na namba likae kwa mwenye biashara. Tena namba hizo ni data za watu chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, hivyo mwanafunzi aridhie kwa maandishi, na kwa mtoto aridhie mzazi.

Mkwaju
Au mlipeni mwalimu sehemu ya ada ya kila mwanafunzi anayebaki. Mtu hahami nyumba yenye chakula chake.

Isukuti_Damu
Hilo nimelifanya na limefaa. MamaNgoma, harusi iliishaje?

MamaNgoma_Umoja
Nimerudi. Aliyetuokoa ni fundi cherehani mwenyewe. Alipotukuta kwenye ngazi akaelewa kwamba tumefungiwa kwa malalamiko yake, akasema yeye aliomba mtikisiko upungue, hakuomba watu wadhalilishwe. Alikuwa na namba ya mke wa mwenye nyumba, akampigia mbele yetu. Mlango ulifunguliwa alfajiri, tukaruhusiwa kutoa ngoma, njuga na sketi. Spika zikabaki ndani. Isukuti haihitaji spika. Ilichezwa Kitengela mchana kweupe, babu akainuka na fimbo yake akaingia katikati, na familia ikanimalizia malipo jioni hiyo hiyo.

Spika nilizipata wiki iliyofuata baada ya kupeleka barua, kama anavyoshauri Sheria_na_Jamii. Amana ilirudi nusu, nami nikaichukua kwa sababu nilihitaji kuanza upya. Sasa nakodi ukumbi wa kanisa kwa saa, chini kabisa, saruji imelala juu ya udongo, na juu yake natandaza sakafu ya vipande kila tunapoanza. Sketi za wachezaji hushonwa na fundi yule yule.

Fundi_wa_Jukwaa, naomba kujua raba ya chini ya papi unaipata wapi, na kama plaiwudi ya milimita 18 inatosha kwa watu wazima.

Fundi_wa_Jukwaa
Milimita 18 inatosha, mama, mradi papi zisiachane sana. Raba naikata kutoka mikeka minene ya mitumba inayouzwa soko la Gikomba. Nenda mapema asubuhi, ubebe rula ya kupimia unene, kwa sababu vipande visipolingana sakafu itayumba.