Tupeane uzoefu: picha ya mtoto wako usiyotaka ipotee ilipatikanaje?

Mama K, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Binti yangu alitimiza mwaka mmoja Jumapili iliyopita. Usiku, wageni walipokwisha kwenda, nilikaa kitandani nikapitia picha zake zote tangu siku tuliyotoka wodini. Ni zaidi ya 2,000. Nyingi ni uso ule ule na kofia ile ile, nami nikiita "tazama hapa, tazama hapa!" Kufika mwisho nilikuwa nimetia alama tatu tu, na hata moja sikuwa nimeipanga.

Ninayoipenda kuliko zote: ana miezi minne, shosho yake anamwogesha kwenye karai pale mlangoni, na mwangaza wa asubuhi unaingia kutoka uani. Mkono wa mama yangu, ile mishipa, ile pete iliyolika kwa kazi, umeshika shingo ya mtoto kwa nyuma. Mtoto hana habari na simu. Anamkodolea shosho macho, mdomo wazi, tone la maji linaning'inia kidevuni. Mimi nilikuwa nimeleta taulo tu.

Yenu ilipatikanaje? Nielezeni ilikuwa saa ngapi, mlikuwa wapi, na nani alikuwa amemshika.

Baba Mapacha, Kisumu
Hongera, Mama K, mwaka mmoja si mchezo. Wangu walizaliwa kabla ya siku zao, wakalazwa siku 26. Hatukupiga picha. Mama mkwe alisema tungoje kwanza tuone, na mimi niliogopa hata kuyasema yale aliyokuwa anayaogopa. Usiku mmoja muuguzi wa zamu akaniuliza, "Baba, una picha yao?" Nikamwambia sina. Akanionyesha pa kusimama, akanikumbusha kuzima fleshi, nikaweka kidole changu cha shahada kando ya mguu wa Kulwa, kisha wa Doto (si majina yao, ndivyo tunavyowaita hapa). Mguu mzima, kisigino hadi vidole, uliishia kwenye kiungo cha pili.

Sasa wana miaka sita. Kila siku yao ya kuzaliwa tunarudia picha hiyo hiyo: mguu na kidole changu. Mwaka huu Doto alinyoosha mguu mwenyewe kabla sijamwambia.

Mpiga Picha wa Dunga
Baba Mapacha, umenigusa. Mimi kazi hii nimeianza wakati wa filamu ya picha 36. Ulihesabu kila mara ulipobonyeza, kwa hivyo ulijifunza kungoja. Nitasema machache ninayowaambia akina mama wanaokuja kwangu.

Mama K, picha yako ilitoka vizuri kwa sababu ya ule mlango. Nyumba zetu za mabati huwa na giza ndani, na mlango uliofunguliwa ndio taa bora kuliko zote. Mweke mtoto akielekea mlango lakini jua lenyewe lisimpige. Zima balbu ya ndani, maana mwanga wake wa manjano ukichanganyika na wa mchana, ngozi inatoka kama ya mgonjwa. Tena msimlaze kwenye shuka jeupe pepepe. Simu ikiona weupe mwingi inafifisha kila kitu, na uso wa mtoto wetu mweusi unazama. Mtandikie leso ya rangi, halafu gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili ijue ipime mwanga wapi.

Nje, kimbieni saa sita. Ikweta inapita hapo Maseno tu, jua linakuwa utosini, macho ya mtoto yanageuka mashimo meusi. Njooni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Na mpiga picha akubali kulala kifudifudi kwenye nyasi. Ukimpiga mtoto ukiwa wima unaleta utosi wake nyumbani.

Mtoto mchanga haoni vizuri zaidi ya sentimita 20 hadi 30 hivi, kwa hivyo kumtikisia kayamba ukiwa umesimama mbali ni kumchosha bure. Mama asogeze uso wake karibu. Tabasamu la kuitikia uso wa mtu huja kama wiki ya sita, msilidai kabla.

Na hili nalisema kwa uchungu: ile picha ya kichanga aliyeegemeza kidevu kwenye mikono yake kama chura imeunganishwa kutoka picha mbili, na katika kila moja kuna mtu mzima anayemshikilia. Mama mmoja aliniomba nimkalishe wake vile peke yake. Nilirudisha pesa.

Mama Wawili, Kakamega
Mimi nililipia studio siku mtoto alipofikisha miaka miwili. Tulimbadilisha nguo mara nne, akalia mpaka sauti ikakauka. Picha ziliporudi, walikuwa wamemng'arisha ngozi, na lile baka alilozaliwa nalo shavuni wamelifuta. Babake ana baka pale pale. Marehemu baba mkwe alikuwa nalo. Niliomba zile za mwanzo, nikaambiwa zimeshafutwa. Nililia kwenye matatu. Jamani, mkienda, waambieni kabla: usimguse uso.

Dada wa Busia
Osheni picha! Simu yangu iliibwa stendi na miaka miwili ya mwanangu ikaenda nayo. Zilizobaki ni 11, zile nilizokuwa nimemtumia dadangu.

Mwalimu wa Chekechea, Njoro
Mama K, hiyo ya karai ni nzuri sana, na kwa kuwa mtoto yuko uchi, naomba ibaki kwenye albamu ya nyumbani. Usiipandishe popote, hata kwa kikundi cha familia, kwa sababu hujui nani ataituma wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha ni taarifa. Sisi siku ya kufunga shule tunauliza kila mzazi kwanza. Wapo wanaokataa, na tunawaheshimu.

Senje, Bungoma
Mama K, umetuuliza nani alikuwa amemshika. Na wewe uko kwenye ngapi kati ya zile tatu?

Mama K, Nakuru
Mwalimu, asante, nimekuelewa. Imebaki kwangu na kwa mama.

Senje, nilikuwa nikisema sijasuka, nguo ina maziwa, mpige yeye. Kwenye zile tatu simo hata moja. Leo asubuhi nimempa simu mtoto wa dadangu, ana miaka saba, nikamwambia apige akitaka. Alichuchumaa mlangoni, akapiga moja. Imeinama upande, paji langu limekatwa, kitambaa kimenitoka kichwani. Binti yangu ameshika sikio langu kwa ngumi anaponyonya, kumbe ndivyo anavyofanya. Kesho naenda mjini kuiosha pamoja na ile ya shosho.