Mfumo wa tiketi za boti: tuuvunje vipande au tuuache?

Mwanachama, Mkomani: Nauliza hadharani kwa kuwa pesa ni zetu sote. Programu yetu ya tiketi za Mokowe–Amu ni moja, na kila kitu kimo humo: viti, malipo ya M-Pesa, mizigo, hesabu za manahodha. Maulidi yaliyopita malipo yalikwama, na hata orodha ya abiria ikakataa kufunguka. Sasa vijana wanataka tuhamie maikrosevisi, yaani kila kazi iwe programu ndogo yenye hifadhidata yake. Mfano wao ni Netflix, kampuni ya filamu ya Marekani.

Basi tuutazame mfano huo. Hifadhidata ya Netflix iliharibika Agosti 2008, wakashindwa kutuma DVD kwa siku tatu. Ndipo wakaanza kuuvunja mfumo wao vipande huku wakiuhamishia kwenye seva, yaani kompyuta za kukodi, za Amazon; kuhama huko kulikamilika Januari 2016. Miaka zaidi ya saba, na wahandisi tele! Sisi tunao wawili, mmoja bado mwanafunzi.

Linalonitisha zaidi ni hili. Leo kiti na malipo huandikwa kwa mpigo mmoja. Kimoja kikishindikana, vyote hufutika. Tukivitenga, pesa yaweza kuingia na kiti kisiwepo. Nani atamweleza mama aliyesimama gatini na watoto wake?

Kijana wa Langoni: Salaam aleikum, ami. Hilo la kiti ni kweli, itabidi tuandike utaratibu wa kurudisha pesa. Lakini nyinyi hamkeshi. Nikigusa hesabu za manahodha, hata mstari mmoja, nauzima mfumo mzima saa nane za usiku.

Mwanachama, Mkomani: Mwanangu, hilo lina dawa nyepesi: nakala mbili za programu ileile, unasasisha moja huku nyingine inahudumu. Na mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon hiyohiyo, ilieleza ilivyoziunganisha sehemu za mfumo wake wa kukagua ubora wa video kuwa programu moja, gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Fundi wa Matondoni: Mimi kompyuta siijui. Lakini ubao ukioza twang'oa huo, jahazi hatulipasui.

Kijana wa Langoni: Haya, tuanze na malipo peke yake, mengine yabaki. Ila mweka hazina atuletee kwanza bili ya seva. Sijawahi kuiona.